Nyumba ya kwanza Arusha na Meru: kiwanja, jina, maji na boma linalokaa miaka

Kila tukiweka mada ya ujenzi kwenye kipindi cha jioni, simu zinazoingia ni za watu wa rika letu. Wana miaka 25 hadi 38, wamepanga vyumba viwili Sakina, Kijenge au Ngarenaro, wana mtoto mmoja au wawili, na mahali fulani wana kiwanja ambacho hakijaguswa au boma lililoota nyasi. Wanauliza maswali yale yale. Makala haya tumeyaandika ili yawe mahali pa kurudia, kwa sababu dakika 40 za redio hazitoshi, na mambo mengine yanahitaji kusomwa mara mbili ukiwa na karatasi ya mauziano mkononi.

Tuseme mapema: sisi si mawakili wala wahandisi. Tumewakaribisha wote wawili studioni kwa miaka kadhaa, tumewasikiliza wasikilizaji wengi zaidi ya hao, na sisi wenyewe tumejenga au tunajenga. Mmoja wetu bado anaishi kwenye nyumba yenye dirisha la turubai.

Kwa nini boma hukaa miaka

Mgeni akipita barabara ya mchepuko, ile ya kilomita 42 hivi kutoka Ngaramtoni hadi Usa River, huuliza kwa nini kuna nyumba nyingi zisizo na paa. Anadhani zimetelekezwa. Nyingi hazijatelekezwa, zinasubiri fedha.

Mikopo ya nyumba ya muda mrefu ipo Tanzania. Kampuni ya kuzikopesha benki kwa ajili hiyo, TMRC, ilianzishwa mwaka 2010, na benki kadhaa hutoa mikopo ya miaka 15 au 20. Lakini benki inataka hati na kipato kinachoonekana kila mwezi, na Arusha yetu haiishi hivyo. Huku watu wengi wanakula kwa msimu. Dereva wa watalii, mwongoza watalii, mpagazi, mpishi wa kambini, mwenye duka la vinyago, anayefua mashuka ya hoteli: fedha inaingia Juni hadi Oktoba, inarudi Desemba mpaka Februari, kisha Aprili na Mei mji unanyamaza. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege duniani, ukimya huo ulidumu miezi mingi, na maboma yaliyosimama mwaka ule tunayajua kwa macho.

Kwa hiyo nyumba inajengwa kwa vipande. Kuna jambo moja la bahati katika hili: msimu wa fedha na msimu wa kiangazi vinakutana. Anayepata bakshishi Agosti anaweza kumwaga msingi Septemba kabla ya vuli ya Novemba. Anayeanza kuchimba Machi, masika inamkuta na mtaro uliojaa maji.

Watu wengi huigeuza fedha kuwa vifaa haraka, kwa sababu fedha ikikaa kwenye simu inaitwa na kila msiba na kila ada ya shule. Hilo ni sahihi, ila angalia unanunua nini. Tofali, mawe, kokoto na nondo hukaa. Nondo ifunike tu isioze kwa kutu. Saruji haikai. Mfuko uliokaa stoo zaidi ya miezi mitatu hivi hupoteza nguvu hata kama haujaganda, na ukiwa juu ya sakafu ya udongo wakati wa baridi ya Juni ni mapema zaidi. Tunamjua kijana aliyenunua mifuko 40 Januari kwa kuogopa bei kupanda. Agosti alikuwa na mawe 40 ya mraba.

“Ishirini kwa ishirini” ya nini?

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, tena kabla hata ya kuweka jiwe moja.

Dalali atakwambia kiwanja ni ishirini kwa ishirini. Muulize: ishirini nini? Mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Hatua 20 kwa 20, kwa mtu ambaye hatua yake ni sentimita 75, ni mita 15 kwa 15, yaani mita za mraba 225. Umelipa kiwanja kizima ukapewa nusu na kipande, na aliyekuuzia hajakudanganya, kwa sababu yeye alisema ishirini na wewe ukasikia mita. Beba futi kamba yako. Pima pande zote nne, kisha pima na kona kwa kona. Kiwanja cha pande nne sawa kinaweza kuwa kimelala upande kama kitanda kibovu, na vile vipimo viwili vya kona ndivyo vinavyokisema.

Baada ya vipimo, angalia maji yanapita wapi. Mji huu umekaa kwenye mteremko wa mlima, na mito yake, Themi, Naura, Ngarenaro, Burka, Kijenge, inashuka kutoka huko juu. Katikati ya mito hiyo kuna makorongo ambayo kiangazi ni njia ya mbuzi. Aprili 2024, maji ya mvua yalisomba gari la wanafunzi kwenye korongo kata ya Muriet na watoto wakapoteza maisha. Hatutalisahau hilo, wala hatutaki mtu anunue kiwanja Agosti kwenye mkondo kama ule kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Nenda ukakione kiwanja siku ya mvua, au siku moja baada yake. Angalia takataka zilizonasa kwenye ua wa jirani, zimenasa urefu gani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa upande wa barabara, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Wengi wameijua namba hiyo kwa kukuta alama nyekundu ya X kwenye ukuta wao.

Kisha karatasi. Ardhi yetu inaendeshwa na sheria mbili za mwaka 1999 zilizoanza kutumika Mei 2001: Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Ya kwanza inahusu mjini na viwanja vilivyopimwa, na hati yake huwa na muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Ya pili inahusu ardhi ya kijiji, na hakimiliki ya kimila ya mwanakijiji haina ukomo wa muda. Kiwanja cha Njiro kilichopimwa na shamba la migomba la Poli haviuzwi kwa njia moja. Kwenye kiwanja chenye hati, fanya upekuzi ofisi ya ardhi kwa namba ya kiwanja ujue mwenye jina ni nani na kama kuna benki inaishikilia. Kwenye eneo lisilopimwa, ofisi yako ya upekuzi ni majirani. Wale wa mipaka minne waje, waseme mpaka ni upi, watie saini. Mke wa muuzaji aje. Watoto wake wakubwa waje. Mwenyekiti wa mtaa au kijiji na mtendaji waje, na ada yoyote utakayoombwa uombe risiti yake.

Muuzaji akisema “mke wangu yuko safari, tuandikishane tu leo”, ahirisha. Rudi siku mke amerudi.

Shamba la baba

Msikilizaji mwenye asili ya Meru au Arusha mara nyingi hanunui kiwanja. Anaonyeshwa. Baba anamtembeza kati ya migomba na mibuni, anasimama kwenye mti fulani, anasema kuanzia hapa mpaka kwenye isale ni pako. Isale ndiyo hati. Inapandwa kwenye mipaka na hakuna anayeing'oa bila kujua anachofanya.

Mpangilio huo ulifanya kazi vizuri ardhi ilipokuwa nyingi. Sasa kihamba kilichokuwa cha babu kimegawanywa kwa baba na ndugu zake, kisha kwa sisi, na wengine wetu tumeonyeshwa upana wa nyumba na njia ya kupita ng'ombe. Ukali wa wazee wa Meru kuhusu ardhi una historia. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu familia za Wameru, watu wapatao 3,000, kutoka Ngarenanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Mwaka 1952 Wameru walimtuma kijana wao Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, akaeleze kesi yao. Hakurudi na ardhi, ila kesi ile iliamsha watu kote Tanganyika. Mzee anayekataa kuuza robo eka kwa mtu wa nje leo, babu yake huenda aliiona nyumba yake ikiungua.

Tatizo letu ni dogo kuliko lile lakini linavunja familia kila mwaka. Baba ameonyesha kwa mdomo. Kijana amejenga nyumba ya tofali ya vyumba vitatu. Baba amefariki, na kaka aliyekuwa Dar es Salaam au Mererani anarudi akiwa na kumbukumbu nyingine ya mti uleule.

Hakuna kijana wa huku anayemwendea mzazi na kumwambia anataka maandishi. Itaonekana unamhesabia siku. Njia inayofanya kazi, tumeiona, ni kumtanguliza mtu: baba mkubwa, mjomba, au mshili wa ukoo. Mnakwenda jioni, mnasalimia, mnapewa chai.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Naona umekuja na wakubwa.”

“Ndiyo baba. Mkubwa ndiye mwenye maneno.”

Na baba mkubwa anasema kwamba mlima ni uleule lakini watu wameongezeka, kwamba yeye na mdogo wake wanakumbuka mipaka yote na ingefaa wote wawili waikumbuke mbele ya watoto, na mtendaji wa kijiji aandike. Hapo mzee anakuwa ameombwa ushahidi. Hajaombwa mali. Karatasi hiyo ipigwe muhuri wa kijiji, na watoto wote wapate nakala.

Watoto wote, tukimaanisha na wa kike. Kwa desturi nyumba ya wazazi huku hubaki kwa kijana wa mwisho, kitinda mimba, ambaye pia ndiye anayetakiwa kuwatunza. Binti alihesabiwa kwamba ataolewa kwingine. Hilo linabadilika, polepole. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory lililotoka Kagera, ilisema desturi inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi huku ikimruhusu mwanamume inapingana na haki za msingi zilizo katika Katiba. Ni Bukoba, si Tengeru, lakini Katiba ni ile ile. Tunawafahamu mabinti kadhaa waliojenga kwenye kipande cha baba yao, nao ndio wanaompeleka hospitali.

Jina la nani

Swali hili halipigwi kwa simu. Linaletwa kwa ujumbe, usiku, na karibu kila mara na mwanamke: “Tunajenga wote, lakini karatasi ina jina lake. Je, nina haki?”

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mambo kadhaa ambayo kila wanandoa wangeyasoma kabla ya kununua tofali la kwanza. Mali ikiwa kwa jina la mmoja, huchukuliwa kwamba ni yake mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiwa kwa majina yote mawili, huchukuliwa kwamba hisa zao ni sawa. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Na ndoa ikivunjika, mahakama hugawa mali waliyochuma pamoja kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, wa fedha, mali au kazi.

Neno hilo “kazi” lilileta ubishi mkubwa. Je, kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilijibu kwamba ndiyo, kazi za nyumbani za mke ni mchango. Shauri hilo linatajwa mahakamani mpaka leo. Mama anayebeba maji ya kumwagilia tofali siku saba mfululizo, anayewapikia mafundi makande, anayelinda kokoto zisichotwe usiku, anachangia. Ila kuthibitisha miaka 12 baadaye ni kazi nyingine, ndiyo maana tunasisitiza majina mawili kwenye karatasi moja, na risiti ziwekwe kwenye faili moja.

Vipi wale wa sogea tukae? Ni wengi, tusijifanye. Mahari haijaisha, harusi inasubiri nyumba, na nyumba inasubiri fedha ya harusi. Sheria hiyo hiyo ina dhana ya ndoa: mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikiwatambua kama mke na mume, mahakama inaweza kuwachukulia hivyo. Lakini ni dhana inayoweza kupingwa. Akitokea mke mwingine wa ndoa halali huko Singida, dhana inaweza kuanguka. Wawili wasiofunga ndoa wanaojenga pamoja wana sababu kubwa zaidi ya kuandika majina yote mawili.

Kuna na jina la tatu: la kaka. Mtu yuko kazini Serengeti, au Oman, au Marekani, anatuma fedha, kaka ananunua kwa jina lake “kwa muda”. Wengi wa kaka hao ni waaminifu. Kaka mwaminifu anaweza kufa, na mjane wake na watoto wake hawajui habari ya “kwa muda”. Kama huwezi kuwepo, toa hati ya uwakili kwa wakili, kiwanja kiandikwe kwa jina lako.

Maji kabla ya rangi

Tumeliacha hili mpaka hapa makusudi, kwa kuwa wengi hulifikiria baada ya kupaka rangi. Kwetu linastahili kuwa la kwanza baada ya karatasi.

Mlima Meru ni volkano. Una urefu wa mita 4,562 na ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Miamba na majivu yake yana floraidi, na maji yanayopita ndani yake huiyeyusha na kuibeba. Chemchemi moja inaweza kuwa salama na kisima kilicho karibu nayo kisiwe salama, kwa kuwa kinategemea mwamba kilipopita. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania, baada ya kuruhusu kiwango cha juu kwa miaka mingi kwa sababu maeneo mengi hayakuwa na chanzo kingine, nayo sasa iko kwenye 1.5. Sehemu nyingi za kuzunguka mlima, hasa kuelekea Maji ya Chai na Ngarenanyuki, zina maji yanayopita hapo mara kadhaa.

Sote tunajua matokeo yake, meno ya kahawia. Watu wa Dar es Salaam wanatutambua tukicheka. Jambo ambalo wengi hawalijui ni jinsi yanavyotokea. Meno ya kudumu hujengwa ndani ya fizi tangu mtoto akiwa mchanga hadi karibu miaka 8. Floraidi nyingi katika miaka hiyo huharibu jino kabla halijatoka, na likishatoka hakuna dawa ya meno wala ndimu itakayolirudisha. Mtu mzima ambaye meno yake yamekwisha kukomaa hapati alama hiyo. Ndiyo maana mume na mke waliokulia Mwanza au Tanga wanaweza kuhamia hapa, wakachimba kisima, wakanywa miaka kumi na meno yao yabaki meupe, kisha siku moja mtoto wa miaka 7 anatabasamu na jino la mbele jipya limetoka na madoa. Kwa wanaokunywa maji yenye floraidi nyingi sana miaka mingi, mifupa nayo huathirika, na watoto wengine hupinda miguu.

Kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha huua vijidudu, lakini maji yakipungua kwa mvuke floraidi inabaki ile ile kwenye maji machache zaidi. Klorini haisaidii. Chujio la kawaida la mshumaa halisaidii. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, teknolojia iliyofanyiwa kazi miaka mingi na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kilicho chini ya Wizara ya Maji, papo hapo wilayani Meru. Mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe, usiuache miaka mitano ukadhani bado unafanya kazi. Mashine za kuchuja kwa shinikizo nazo huiondoa, ila zina gharama na hutupa maji mengi.

Kabla ya kuchimba kisima, au kabla ya kununua kiwanja kwa sababu “kina kisima”, peleka chupa ya maji maabara yapimwe floraidi. Mamlaka ya maji, AUWSA, imepanua sana mtandao wake kupitia mradi wa shilingi bilioni 520 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, kwa hiyo uliza kama bomba limefika mtaani kwako kabla hujamlipa mchimbaji.

Kisha kuna bati lako. Maji ya mvua hayana floraidi ya mlima. Hesabu ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 100. Toa kinachomwagika, baki na 80. Tangi la lita 5,000 linajaa kwa mvua ya milimita 63 hivi, na Aprili peke yake Arusha kwa kawaida huleta zaidi ya hapo. Familia ya watu watano ikitumia lita 25 kwa siku kwa kunywa na kupikia tu, lita 5,000 ni siku 200. Maji ya kisima yabaki ya kufulia, kuogea na bustani. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi la bati, usiingize kwenye tangi. Kwa hiyo fundi anapopaua, mwambie aweke mifereji siku hiyo hiyo, na acha mahali pa kukaa tangi. Ni nafuu kuliko jipsamu ya sebuleni.

Jingine dogo kabla hatujatoka hapa: magadi. Yale tunayoweka kwenye maharage na makande yaive upesi yanaweza kuwa na floraidi nyingi sana. Loweka maharage usiku kucha badala yake, hasa kama kuna mtoto mdogo anayekula chungu hicho.

Msingi, kuta, bati

Hapa tutakwenda haraka, mafundi wanajua kuliko sisi.

Udongo kwanza. Sehemu za tambarare zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na nyumba inapasuka nao. Hapo uchimbe mpaka uupite, au uutoe na kujaza moramu na kushindilia. Ukiona nyufa za jirani zinapanda kama ngazi kutoka kwenye kona ya dirisha, umeshapata jibu la udongo bila kulipa mtu.

Tofali: fyatulia kwako ukiwepo. Fundi mwaminifu hutoa tofali za inchi 6 karibu 25 hadi 30 kwa mfuko mmoja. Anayekuahidi 45 anakuuzia mchanga. Zimwagiliwe maji wiki nzima. Zege hufikia nguvu iliyokusudiwa siku ya 28, kwa hiyo usikubali kupandisha ukuta juu ya msingi wa juzi kwa sababu fundi ana kazi nyingine Moshi.

Lenta izunguke nyumba yote, isiishie juu ya milango na madirisha. Tunaishi kando ya Bonde la Ufa. Julai 2007, matetemeko yaliyotangulia mlipuko wa Oldoinyo Lengai yalisikika Arusha hadi Nairobi, na wengine wetu tulilala nje usiku ule.

Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri, na hapa ni lazima ujue uko wapi: Jiji, Halmashauri ya Arusha au Halmashauri ya Meru. Watu wa Moshono na Ngaramtoni hujichanganya. Ada, umeme na hata masharti hutofautiana mtaa mmoja na mwingine.

Tuseme na neno kwa anayedharau nyumba ya mabanzi. Wazazi wetu wengi huku juu walianza na mabanzi na bati. Chumba kimoja cha mabanzi nyuma ya kiwanja, cha kukaa mlinzi na vifaa, baadaye kikawa jiko, kinaokoa kodi ya nyumba ya kupanga kwa miezi yote ya ujenzi. Mwenzetu mmoja na mkewe waliishi humo miezi 14 na mtoto mchanga, wakatandika maboksi ukutani kuzuia baridi ya Julai. Mama mkwe alikuja mara moja, akaangalia, hakusema kitu. Wiki iliyofuata alituma blanketi mbili na gunia la mkaa.

Siku ya kuhamia

Hakuna anayehamia nyumba iliyoisha. Wengi huhamia paa likiwa juu, vyumba viwili vikiwa na milango, choo kikiwa na mlango na madirisha ya mbele yakiwa na nondo. Plasta itakuja, sakafu itakuja. Tunaona ni sawa, kwa masharti mawili. La kwanza ni choo na shimo lake viwe tayari kabisa, na shimo liwe mbali na kisima, upande wa chini wa mteremko. La pili ni umeme ufungwe na fundi mwenye leseni, hata kama ni taa tatu. Waya wa kuunganishiwa kutoka kwa jirani juu ya dari isiyo na bodi umeunguza nyumba tunazozijua.

Ukishawekewa mita, kodi ya jengo itakukuta humo humo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Usishangae uniti zikija pungufu mwanzo wa mwezi.

Wengine humwita mchungaji au shehe, wengine wazee wa ukoo, wengine wote. Huku Meru sufuria la loshoro haliwezi kukosekana, na ndizi. Wageni watakaa kwenye ndoo zilizogeuzwa na mbao za fomu, watoto watakimbia kwenye vyumba visivyo na milango, na mjomba mmoja atatembea akigonga kuta na kuuliza kwa nini jiko liko upande huu. Mwache agonge. Mwonyeshe tangi, na faili la karatasi lenye majina mawili, na mumuombe awe shahidi wa mpaka wa nyuma kama bado hajatia saini.

Wenye maswali ya viwanja, wakili wetu hukaa studioni Jumatano ya mwisho wa kila mwezi. Njoo na nakala, usije na karatasi halisi.